Siku ya Themanini ya Delmar Haskett

Sisi wa chumba cha mavazi tulikuwa tunajua nani atakufa kabla hata mwenyewe hajajua. Si kwamba tuliambiwa. Nguo ndizo zilizotuambia. Waandishi huko ghorofani wakishaamua kumwua mtu, kabla mwigizaji hajapigiwa simu, sisi tunaletewa orodha ya magauni meusi.

Jumanne moja ya mwezi wa tisa Burbank, kando ya Los Angeles, ilikuwa inachoma, na orodha ilikuja na magauni meusi matano, suti nyeusi sita na kofia moja yenye wavu wa kufunika uso. Suti sita ni za wabeba jeneza. Kofia ilikuwa ya Vivienne Lusk. Na Vivienne, katika tamthilia yetu, mume wake alikuwa Daktari Royce Merrick, ambaye tangu Juni alikuwa amelala hospitali bila fahamu. Nikaikunja orodha nikaiweka ndani ya kopo la vifungo.

Daktari Merrick aliigizwa na Delmar Haskett. Mimi, Lala, nilimvalisha miaka ishirini na miwili. Najua bega lake la kushoto limeshuka kuliko la kulia, na najua ni kwa nini.

Alizaliwa Oklahoma kwa watu wa kuuza matairi. Alikuja Los Angeles na gari lisilo na kioo cha nyuma, na kazi yake ya kwanza ya televisheni ilikuwa kupigwa risasi juu ya paa la baa na kuanguka. Alianguka vizuri, wakamwita tena. Alianguka katika vipindi tisa, na hilo bega ni la kipindi cha tisa. Baada ya hapo alishika kijiko kwenye tangazo la mchuzi wa kopo, akawa mwizi, akawa shahidi, akawa mume aliyeachwa, kila mahali maneno mawili matatu. Alipofika miaka thelathini na tisa wakamchukua kwetu awe daktari kwa wiki mbili. Zile wiki mbili ndizo zilizokuwa miaka ishirini na miwili. Wanawake walimsimamisha dukani karibu na rafu ya maziwa, wakapandisha mikono ya blauzi wamwonyeshe uvimbe. Naye anatazama kweli, anasema, "Nenda kwa daktari, mama." Wanamjibu, "Si ndiyo nimekuja."

Mwezi wa sita mkataba wake uliisha. Wakampa mwingine: alipwe kwa siku anayoitwa tu. Wiki ileile wakamwandikia ajali ya gari. Ni desturi ya tamthilia za mchana. Mtu ambaye hawajaamua wamfanye nini wanamlaza, wakimtaka watamwamsha, wasipomtaka yuko karibu na kaburi. Na mtu asiye na fahamu hapewi skripti, maana hana la kusema. Anapewa saa ya kufika na pajama.

Kwa hiyo Delmar alikuwa hajui lolote. Asubuhi ile aliingia kama kawaida, akakaa kwenye kigoda changu na pajama yake ya buluu, nami nikawa nalikaza shati mgongoni kwa pini ili likae vizuri akilala.

"Leo ni ya sabini na tano," akasema.

"Naam."

"Kesho sabini na sita. Wakinilaza tu hivi hivi mpaka mwisho wa mwezi, nafika themanini na moja. Moja ya ziada, Lala. Nitaitunza kama yai."

Zilikuwa siku za kazi hizo. Chama chao cha waigizaji kilikuwa na sheria: kutoka Oktoba mpaka mwisho wa Septemba uwe umefanya siku themanini, la sivyo bima ya matibabu inakatika, yako na ya mkeo. Kulala umefumba macho kulihesabiwa siku nzima, sawasawa na yule aliyesema kurasa thelathini. Na mkewe, Nadine, figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara tatu kwa wiki alifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Bila bima, mashine ile hawakuiweza hata mwezi mmoja. Nyumba walishaiuza mara ya kwanza alipougua.

"Huko juu wanasemaje?" akaniuliza.

"Mimi napanda huko juu kufanya nini?"

"Nyinyi mnajua kila kitu."

Nikaweka pini mdomoni ili nisijibu. Tulikuwa na kanuni yetu, tena kali: anayesema kilichomo kwenye orodha anafukuzwa siku hiyohiyo. Nilikuwa na wajukuu wawili nyumbani kwangu, na darasa nililofika ni la nne, huko kwetu Zacatecas, Meksiko. Pasingekuwa na kazi nyingine ya kunipokea.

Lakini nguo hazijui kunyamaza. Kesho yake asubuhi mtu wa ghala akaja anasukuma fremu ya magurudumu ya kutundikia nguo, akaiegesha mbele ya kigoda, akaenda zake. Delmar akaitazama. Akanyoosha kidole akawa anahesabu, nami nilisikia midomo yake.

"Suti sita," akasema. "Nani kafa?"

Nikaendelea kupiga pasi.

"Lala. Nani kafa?"

"Geuka nikukaze shati."

Hakugeuka. Aliishika ile kofia ya wavu, akaigeuza akaona jina la Vivienne limeshonwa ndani. Nililishona mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

Nikazima pasi.

"Lini?"

"Kesho," nikasema. "Kabla ya chakula cha mchana. Mashine inapiga mlio mrefu."

Akakaa. Sijawahi kumwona mtu anahesabu vile, macho yake yakitembea ukutani kama kuna namba zimeandikwa pale. Leo sabini na sita. Kesho sabini na saba. Ijumaa hakuna kitu. Mazishi yalipangwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na Jumatano ndiyo ilikuwa tarehe thelathini.

"Jeneza liko wazi au limefungwa?"

"Wameandika limefungwa."

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

Hakusema neno la hasira. Alisema tu, taratibu, "Nadine anakwenda kwenye mashine Alhamisi ya tarehe mosi," kana kwamba mimi ndiye wa kupanga. Kisha akaenda kulala kwenye kitanda chake cha kazi, akafumba macho, na Vivienne akamlilia kifuani kurasa nne.

Mimi mchana huo nikapanda ghorofani. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimepanda mara mbili, zote kwa sherehe ya keki. Mtayarishaji mkuu alikuwa Trudy Kessler, mwanamke mwembamba wa kula karoti mezani, si mbaya, ila alikuwa na watu wa juu yake wanaomhesabia kila kitu. Nikasimama mlangoni na gauni jeusi la Vivienne mkononi, ili nionekane nimekuja kwa ajili ya nguo.

"Kuna nini, Lala?"

"Glavu, Bi Trudy. Mmeandika Vivienne amevaa glavu. Sasa pete ataivuaje?"

"Pete gani?"

"Ya ndoa. Mjane si anamvisha marehemu pete yake kabla hawajafunika? Watazamaji wataingoja hiyo pete. Miaka kumi na tisa ya ndoa, harusi tatu na mume mmoja. Mkifunga jeneza wataandika barua."

Akatafuna. "Hilo umelitoa wapi?"

"Kwangu tunafanya hivyo," nikasema, na haikuwa kweli. Kwetu pete tunawaachia mabinti.

Akaninyooshea karoti. "Delmar amekutuma."

"Delmar hajui lolote. Hapewi skripti."

Hapo akaiweka karoti chini. Alijua nimejua, na alijua Delmar naye amejua, na angeweza kunifukuza palepale. Akasema, "Siku mbili. Jumatatu na Jumanne kanisani, jeneza wazi, mvishe pete mvue pete, mtakavyo. Jumatano ni makaburini. Kifuniko kimefungwa, na sina haja ya mtu ndani. Usinirudie tena na mambo ya glavu."

Nikashuka ngazi nikijumlisha kwa vidole. Sabini na nane. Sabini na tisa.

Alhamisi alikufa. Mwongozaji alimwambia azuie pumzi mpaka ahesabu kumi na tano, na kamera ilikuwa imekaribia mpaka inaona vinyweleo. Alizuia. Kwenye kumi na moja chozi likamtoka, likateremka sikioni. Wakarudia. Likatoka tena. Mara ya tatu mwongozaji akasema basi, mfunikeni shuka usoni, na muuguzi akamfunika.

Jumatatu nikamvalisha suti nyeusi. Suti ya maiti tunaipasua mgongoni kutoka kola mpaka chini, mtu analala, tunaikunjia pembeni, mbele inanyooka haina hata mkunjo mmoja. Nilishika mkasi sikuweza. Yeye ndiye aliyesema, "Pasua, Lala, tunachelewa." Alilala mle ndani ya jeneza siku mbili, taa zikimchoma uso, poda ikimwingia puani. Vivienne alimvisha pete mara saba, kwa sababu kamera zilitaka kuiona kila upande. Wakati wa mapumziko Nadine alimpigia simu, naye akaongea humohumo ndani, amekaa wima kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Unaendeleaje?" nikamsikia Nadine, maana alikuwa na sauti kubwa hata katika ugonjwa.

"Nimekufa tangu Alhamisi."

"Basi usile vitunguu, watu wanakuinamia."

Akacheka. Akaiweka simu chini. "Moja, Lala," akaniambia. "Yaani moja tu."

Jumanne jioni, watu walipokuwa wanavua nguo, alimfuata Kessler palepale kwenye kanisa letu la mbao. Alikuwa bado na ile suti, mgongo wote wazi, fulana nyeupe inaonekana. Tulikuwepo mimi, Vivienne, na Bernice, mama wa makamo anayetunza karatasi ya mahudhurio.

"Trudy, kesho ndani ya jeneza mtaweka nini?"

"Magunia ya mchanga. Kama kawaida."

"Mchanga unahama. Watu sita wakikunja kona unasikika unateleza. Na wasipoweka wa kutosha wanatembea kama wamebeba sanduku la maandazi. Niweke mimi humo ndani."

"Mchanga haulipwi, Delmar."

"Usinilipe."

"Nisipokulipa siku haihesabiwi, na nikikulipa naulizwa kwa nini nimemlipa mtu asiyeonekana." Akasema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Mimi pia nina watu wanaoniuliza."

Delmar akavuta pande mbili za suti, akajaribu kuuziba mgongo.

Ndipo Vivienne, aliyekuwa anafuta wanja mbele ya kioo, akasema bila kugeuka, "Mimi silii mchanga."

"Vivienne, tafadhali."

"Nasema tu. Kesho nina kurasa sita za kulia peke yangu juu ya jeneza. Humo ndani akiwemo mtu, nitalia mara moja, saa tano tumemaliza. Ukiwemo mchanga, sijui. Macho yangu yana umri sasa. Tunaweza kufika usiku, na wafanyakazi wote hawa utawalipa saa za ziada."

Kessler akamtazama, akamtazama Delmar, akanitazama mimi kana kwamba glavu ndizo zilizoleta balaa lote.

"Haya," akasema. "Lakini sikiliza. Kifuniko kikifunguliwa kabla sijapata picha ninayoitaka, kwa sababu yoyote, umekohoa, umebanwa, umeogopa, basi wewe kesho hukuwepo hapa. Bernice, umesikia?"

"Nimesikia," akasema Bernice, na hakufurahi.

Fundi seremala alitoboa matundu manane chini ya jeneza, kila moja la kupita kidole. Jumatano tarehe thelathini, saa nne asubuhi, Delmar akaingia. Nilimkunjia suti pembeni kwa mara ya mwisho. Makaburi yalijengwa ndani ya studio, majani ya zulia, miti ya plastiki, na taa nyingi juu ili ionekane jua la mchana. Hewa ilikuwa ya tanuri.

"Nitakuwa karibu," nikamwambia. "Nikigonga kwa hii subana ya kidoleni mara mbili, nijibu mara mbili."

"Na nisipojibu?"

"Utajibu."

Wakafunga.

Sita wakambeba, na kweli walitembea kama watu waliobeba mtu. Wakamtua juu ya kamba za kaburi. Ilitakiwa Vivienne aanze hapohapo. Lakini taa moja ikapasuka kwa joto, mwongozaji akasema tusubiri, mafundi wakaleta ngazi. Wabeba jeneza wakalegeza tai. Nikapita na brashi ya nguo, nikijifanya nasugua vumbi, nikagonga: ko, ko. Akajibu: ko, ko.

Dakika kumi. Nikagonga, akajibu.

Wakasahau kwamba yumo. Ndivyo ilivyo kazini kwetu, kitu kikishawekwa mahali pake kinakuwa samani. Mmoja wa wale sita, anayeigiza mdogo wake Daktari Merrick, akaegemea kifuniko kwa kiwiko akawa anakunywa soda.

"Chumba cha Delmar cha kuvalia kina dirisha, lakini," akasema.

"Nimeshakiomba," akajibu mwenzake.

"Umeomba lini?"

"Juni."

"Juni alikuwa bado hai, wewe."

"Alikuwa hana fahamu. Na mimi nilikuwa nakaa karibu na choo."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikamsukuma yule kiwiko chake kwa brashi. "Ondoa mkono, unachafua." Nikagonga.

Hakujibu.

Nikagonga tena, ko, ko, kwa nguvu. Kimya. Nikainama nikajifanya naokota uzi, nikaweka sikio karibu na matundu ya chini. Niliisikia taa inavuma juu, basi. Nilikuwa na mkono kwenye pindo la kifuniko. Komeo lilikuwa moja tu, la shaba, nami nilijua linavyofunguka. Ningelifungua, angepata hewa, na siku ingefutwa, na Nadine angekwenda kwenye mashine kesho yake, waitazame kadi yake, wamrudishie. Nisingelifungua, na yeye yuko mle, umri wa miaka sitini na moja, katika joto lile.

Bernice alikuwa amesimama upande wa pili na ubao wake wa karatasi. Aliniona. Akatikisa kichwa kidogo sana: subiri.

Nimelea watoto wanne na wajukuu, nimengoja homa zishuke, nimengoja watu mpakani. Sijawahi kungoja kama nilivyongoja pale. Nilihesabu kama alivyohesabu kwenye pumzi yake, kumi na tano, tena kumi na tano. Nikagonga mara moja tu, polepole, kama unavyomgusa mtoto aliyelala usitake kumshtua.

Ko.

Moja. Dhaifu, kama ukucha, ikitoka ndani.

"Taa tayari," mtu akasema. Nikamwendea Vivienne kumtengeneza wavu, nikamwambia sikioni, "Usikawie, dada." Alinitazama, akaelewa.

Zile kurasa sita alizitupa. Alilala juu ya jeneza kifua kizima, mdomo wake ukiwa pale kwenye kichwa cha Delmar, akasema, "Royce, nisikilize, vumilia kidogo tu, mimi niko hapa, vumilia," tena na tena, na haikuwa imeandikwa popote, na mwongozaji hakuthubutu kusimamisha. Watu waliokuwa nyuma ya kamera walilia. Baadaye wakasema ndiyo kazi bora aliyowahi kufanya. Dakika tatu na nusu. Nilizihesabu zote.

"Tumepata," akasema Kessler. "Fungueni."

Komeo nililifungua mimi. Alikuwa wa kijivu, nywele zimelowa zimeganda usoni, midomo imekauka, na ukucha wa kidole kimoja ulikuwa umepasuka, unatoka damu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuniona. Nikamwinua kichwa. Mtu akaleta maji, hayakushuka, yakamwagika kifuani. Nikamwita jina lake, lile la kwao, si la daktari. Ilichukua muda. Kisha akasema kitu, nikainama.

"Karatasi iko wapi?"

Bernice akapiga magoti kwenye majani ya zulia akamshikia ubao. Jina lake aliliandika likapanda juu likavuka mstari. Bernice akajaza saa ya kutoka kwa wino, akapuliza ukauke, akalifunika kwa kiganja kana kwamba kuna mtu atalinyang'anya. "Themanini, Delmar," akasema.

Delmar akampigia Nadine akiwa bado amekaa kwenye ukingo wa jeneza.

"Umezikwa?" Nadine akauliza.

"Nimezikwa."

"Njoo ule, basi."

Kesho yake ilikuwa tarehe mosi Oktoba, na hesabu za chama zilianza upya kutoka sifuri. Niliagizwa nitoe nguo zake zote kwenye kabati, suti kumi na nne na makoti meupe. Delmar alikuja mchana kuchukua vikombe vyake. Mlinzi wa getini ilibidi ampigie simu mtu ili aruhusiwe, maana jina halikuwa tena kwenye orodha. Akakaa kwenye kigoda changu. Alikuwa ameshapiga simu kwa watu wanane wanaotafutia waigizaji kazi, na wanane wote walimwambia pole kwa msiba, wakicheka, halafu wakasema uso wake ni wa daktari mno.

"Mwaka mmoja," akasema. "Nadine ana mwaka mmoja. Siku themanini nitazitoa wapi, Lala?"

Nilikuwa nakunja.

Akaiona ile suti nyeusi kwenye ndoano, imepasuliwa kutoka kola mpaka chini. Akainuka akaigusa.

"Hii unaweza kuishona mgongo?"

"Naweza."

"Ishone. Sina nyeusi nyingine."

Sikumuuliza ya kwenda wapi. Nikatia uzi mweusi kwenye sindano, nikaanza kwenye kola, mishono midogomidogo isionekane, naye akanisubiri amekaa. Katika daftari la mavazi, mahali pa kuandika suti imekwenda wapi, niliandika imezikwa.